Wa Kumpokea Zamu

Aliyenisimulia haya ni bibi mmoja anayeishi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na akili zake ni timamu kuliko zangu. Yaliyompata ni mama yangu mdogo.

Siku ilianza kama siku nyingine. Mama mdogo alikuwa peke yake na wodi nzima ya wazee wasioinuka kitandani, maana mwenzake aliacha kazi na hakuna aliyejisumbua kutafuta mwingine. Aliwaogesha, akawalisha uji, akaanza kuwageuza mmoja mmoja wasiote vidonda mgongoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Eti wazee wasitoroke! Watu ambao hata kukaa hawawezi.

Mchana simu yake ikaita. Binti yake ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, na anamlilia mama yake.

Mama mdogo akagonga mlango mpaka msimamizi akaja upande wa pili.

"Dada, nifungulie. Mwanangu anajifungua."

"Utawaacha na nani? Subiri wa kukupokea zamu."

"Kwani yuko njiani?"

Viatu vya msimamizi vikasikika vikienda zake kwenye korido. Wa kumpokea hakuwepo, na wote wawili walilijua hilo.

Alirudi kwa wazee roho ikiwa juu. Jua lilikuwa linawaka dirishani. Wodi ilikuwa kimya. Kimya mno. Wazee wote walikuwa wamefumba macho kwa nguvu, kama watoto wanaojifanya wamelala.

Kando ya kitanda cha mwisho alisimama mwanamke asiyemjua, amevaa sare ya kazi iliyopauka hadi rangi yake haijulikani.

"Wa dirishani nimeshamgeuza," alinong'ona. "Wa mlangoni bado. Umepokea?"

Ndivyo walivyokuwa wakikabidhiana zamu na mwenzake kila siku. Mdomo ukajibu kabla ya akili.

"Nimepokea."

Mwanamke akashusha pumzi ndefu. Akavua aproni. Akaenda mlangoni. Mlango haukufunguka, lakini hakuwepo tena.

Bibi wa dirishani, huyu aliyenisimulia, akafumbua macho, machozi yanamtoka. "Mwanangu, kwa nini umemjibu? Sisi wote huwa tunanyamaza."

Mama mdogo alikimbilia mlangoni. Akagonga. Akapiga kelele. Msimamizi akafungua, akachungulia, akamwita.

"Niko hapa!"

Walikuwa uso kwa uso. Msimamizi hakumwona. Mama mdogo akajaribu kupenya. Miguu ikakataa.

"Ametoroka, mshenzi huyu," msimamizi akasonya, akafunga.

Hadi leo mama mdogo hajarudi nyumbani. Bibi anasema anamwona akiwageuza kila siku, na tangu hapo hakuna mzee mwenye kidonda. Wenye nyumba wanajisifia hilo, na mimi nikiwasikia natamani kulia.

Binti yake alijifungua salama jioni ileile. Anasema uchungu ulipozidi, kuna mtu alimkanda kiuno kwa nyuma, taratibu. Mkunga anaapa hakukuwa na mtu. Ila gauni lilikuwa limelowa kiunoni, alama za viganja viwili, kama vya mtu aliyetoka kuogesha wazee. Tukalianika juani.

Mtoto sasa anatambaa. Gauni halijakauka.