Mteja wa Homa Bay

Siku Bonface alipoingia duka la Mzee Ahmednur kununua kikoi, soko la Migori lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Wanawake kutoka Muhuru Bay walikuwa wamemwaga dagaa wa omena juu ya magunia, wachimba dhahabu wa Masara walipita na matope mekundu hadi magotini, na kila redio ilipiga kelele kana kwamba imelipwa kuinyamazisha ya jirani.

Yeye alikuwa safi. Suruali yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi hadi mkunjo ukasimama kama upanga, na shati lake jeupe lilibeba Biblia ndogo mfukoni. Kwao Muhuru ni wavuvi, lakini yeye alikuwa akisomea umisionari katika chuo kidogo cha Homa Bay, na masomo yakiisha angetumwa Bangladesh. Jina hilo alipenda kulitamka. Alilitamka hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza.

"Kikoi cha nani?" aliuliza msichana aliyesimama nyuma ya meza. Alivaa gauni pana la dira la rangi ya machungwa na shali nyeusi, na hina ya vidole vyake ilikuwa bado mbichi.

"Changu."

"Mjaluo na kikoi! Unaoa Pwani?"

"Naenda Bangladesh. Wanaume wa huko hujifunga hivyo. Mwalimu ametuambia tuzoee kabla ya kufika."

"Basi zoea." Akamrushia kimoja cha mistari ya buluu. "Funga tuone."

Bonface alijifunga juu ya suruali, akapiga hatua mbili kwa maringo, na kikoi kikamdondokea miguuni. Wanawake waliokuwa wakichagua vitenge walicheka hadi wakashikana mabega.

"Nyasaye! Bangladesh wataona mambo!" mmoja akasema.

Msichana hakumgusa. Alimwonyesha kwa mikono hewani. "Kunja huku, kunja huku, vuta pumzi, viringisha. Sasa usiwe na haraka. Kikoi hakipendi mtu mwenye majivuno."

"Faduma," Mzee Ahmednur, baba yake, akaita kutoka kona ya ndani. Ndevu zake zilikuwa zimetiwa hina, na alikuwa akipima kitambaa kwa mkono, uso ameuelekeza mlangoni. "Usimcheke mteja. Mpunguzie bei."

Chuoni kulikuwa na desturi moja. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na rafiki asiye wa imani yake katika mji fulani, amtembelee Jumamosi, ajifunze kusalimu, kula na kusikiliza kama atakavyofanya ng'ambo. Kila Ijumaa darasa lilikaa duara, na kila mmoja akaleta haja ya rafiki yake ili iombewe. Bonface alipoulizwa rafiki yake ni nani, alijibu, "Mzee Ahmednur, muuza vitambaa wa Migori." Hakudanganya. Alisema nusu tu ya ukweli, na nusu ya pili ilikuwa na hina vidoleni.

Kila Jumamosi alikwenda Migori. Katikati ya wiki, hamu ilipomzidi, alisimama kwenye kibanda cha simu mbele ya posta ya Homa Bay, ameshika sarafu zilizopata joto mkononi.

"Haloo, duka la Ahmednur."

"Ni Jeremiah, fundi cherehani wa Homa Bay," alisema akiifanya sauti yake nzito. "Kile kitambaa cha maua kimefika?"

"Kimefika, fundi," Faduma akajibu, baba yake akiwa hapo karibu. "Lakini kinalalamika umekawia."

"Kiambie fundi hapati usingizi tangu Jumamosi."

"Hao ni kunguni. Nunua dawa."

"Faduma, nakupenda."

"Hiyo tunauza kwa mita," akasema, akakata simu. Bonface alitoka kibandani akicheka peke yake, mpaka mama aliyesubiri zamu akamwuliza kama amepata kazi.

Jumamosi moja mzee alikuwa ameenda kuswali. Bonface, akitaka kusaidia, aliweka jora la kijani juu ya jora la buluu. Faduma alimdaka mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

"Usibadilishe! Vina mpango wake."

"Mpango gani? Ni vitambaa tu."

Alitazama mlango, kisha akasema polepole juu ya baba yake, "Aabo haoni. Jicho moja limekufa, la pili linaona mwanga wa mlango basi. Daktari wa Kisumu alisema ni presha ya macho, nuru hairudi. Mimi napanga rangi, yeye anajua kila kitambaa kwa kidole. Hapa mjini anayejua ni mimi, na sasa wewe."

"Kwa nini mnaficha? Si dhambi."

"Ukiwa kipofu sokoni, kila mjinga anakufanya mchezo. Aabo giza amelizoea, Bonface. Kuchekwa ndiko hawezi."

"Kwangu siri hii imezikwa," Bonface alisema, na kwa saa ile alimaanisha kila neno.

Ijumaa ikafika. Momanyi, kijana wa Kisii aliyekaa kando yake, alisimulia jinsi rafiki yake wa Kendu Bay alivyolia akimwomba ushauri juu ya mwanawe. Darasa likaguna kwa huruma. Mwalimu Bathsheba, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani na moyo usiojua mlango uliofungwa, akapangusa machozi. Kisha akamgeukia Bonface.

"Na wewe, wuod Muhuru, mwana wa wavuvi? Kila wiki unatuletea salamu tu. Mzee wako hana haja?"

Momanyi akatabasamu. Ni tabasamu lile lililomwangusha. Bonface, aliyejiona wa kwanza darasani, hakuweza kukaa wa mwisho. Mdomo wake ulifunguka kabla ya moyo kuuzuia.

"Mwombeeni. Anapofuka. Mji mzima haujui. Ameniambia mimi tu."

"Ooh, Ruoth, Bwana!" wakaitikia wote. Mwalimu Bathsheba akamshika bega. "Mnaona? Huyu amefunguliwa mlango. Mtu hakupi siri ya macho yake kama hakupendi."

Bonface alijiona amerefuka. Jioni ile alikula ugali wake kwa raha, na kama kuna kitu kilimchoma, alikiita upepo.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alisema wanakwenda Macalder kwa mkutano. Bonface alipanda nyuma ya pikapu ya chuo, chini ya turubai, pamoja na akina mama wa maombi na ngoma yao. Wakafika Migori. Gari likapunguza mwendo, likasimama mbele ya duka la Ahmednur.

"Hatuwezi kumpita mgonjwa," mwalimu akasema, na kabla Bonface hajapata ulimi, akina mama walikuwa wameshuka wakiimba.

Ilikuwa siku ya soko. Duka lilijaa. Walimzunguka mzee kwa upendo, naam, kwa upendo wa kweli, na Mwalimu Bathsheba akaweka viganja vyake juu ya macho yale. "Bwana, mfungue kipofu huyu!" akalia kwa sauti iliyovuka barabara. Ngoma ikapigwa. Watu wakakimbia kutoka kwenye omena kuja kutazama. Yassir, aliyekuwa na duka la vitambaa upande wa pili, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

Mzee Ahmednur hakusogea. Mkono wake ulibaki juu ya kitambaa alichokuwa akipima, kama wa mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Na Bonface? Angeweza kuruka chini. Angeweza kupaza sauti, "Mwalimu, tafadhali, twende." Badala yake alijikunja nyuma ya turubai, goti kwa kidevu, akachungulia kwenye tundu. Kupitia tundu hilo Faduma alimwona. Alitazama pikapu, akatazama jicho lile moja, akalijua. Hakulia, wala hakumnyooshea kidole. Aligeuza uso kama anayegeuza kitambaa chenye doa.

Katikati ya wiki alipiga simu.

"Ni Jeremiah, fundi wa…"

"Kitambaa hicho hatuna," Faduma akasema. "Na hatutaleta tena."

"Faduma, nisikilize, mpenzi. Walikuja kuomba, hawakuwa na nia…"

"Sijawataja wao. Unajua walichofanya watu jana? Kijana mmoja alimnyanyulia Aabo kitambaa, akamwuliza, 'Mzee, hii ni rangi gani?' Aabo akataka kukigusa. Kijana akakivuta. Wakacheka, Bonface. Aabo amekaa nyumbani leo. Anasema ana mafua." Akashusha sauti. "Ulikuwa ndani ya gari."

"Nilikuwa…"

"Ulikuwa ndani ya gari!"

Simu ikakatwa. Bonface alibaki ameshika mkono wa simu, na aibu ikampanda kutoka nyayo. Aliwahi kuona aibu ya kushindwa mtihani, na ya kuanguka na kikoi mbele ya wanawake, lakini hizo huoshwa kwa kicheko. Hii haikuosheka. Akila, ilikaa naye mezani. Akiomba, ilipiga magoti kando yake. Aliposema "Bangladesh," neno lilimgeukia mdomoni likawa chungu, maana alijiuliza: huko nitakakokwenda, mtu akinipa moyo wake, nitaupeleka Ijumaa gani?

Ijumaa ya mwisho kabla ya ibada ya kuwatuma, Mwalimu Bathsheba alisema, "Tuendelee kumwombea Mzee Ahmednur. Bonface, tuambie hali yake."

"Msimtaje tena, mwalimu."

Mwalimu akamgeukia.

"Unaionea haya kazi ya Mungu?"

"Najionea haya mimi. Hakuniambia yeye. Binti yake aliniambia, kwa kuniamini, na mimi nikaileta hapa ili nisishindwe na Momanyi."

Momanyi aliinamisha kichwa. Mwalimu alikaa chini taratibu, viganja vyake vikiwa wazi mapajani, akivitazama kama vya mtu mwingine. "Mimi nilifikiri umefunguliwa mlango," akasema.

"Niliuvunja, mwalimu."

Hawakumfukuza. Aibu ingekuwa nyepesi kama wangemfukuza.

Kesho yake alikwenda Migori mchana kweupe, soko limejaa. Alikuwa amejifunga kile kikoi cha mistari ya buluu, bila suruali chini yake. Yassir alimwona akaita kutoka ng'ambo, "Mhubiri! Leo umeleta ngoma au umeleta miwani?" Watu wakacheka. Bonface hakuharakisha hatua. Alivuka barabara huku kicheko kikimfuata kama mbwa, akaingia mlangoni.

Mzee alikuwa amerudi kwenye kona yake. Faduma alikuwa juu ya ngazi akipanga majora. Alimwona, akaendelea kupanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sogea." Mzee alinyoosha mkono, akashika pindo la kikoi, akakisugua kati ya vidole. "Hiki nilikipunguza bei." Kisha akainua uso. "Fundi Jeremiah wa Homa Bay. Anayeagiza kitambaa cha maua kila wiki na hakichukui."

Ngazi ililia. Faduma alikuwa ameacha kupanga.

"Ulijua, mzee?"

"Macho ndiyo yamekufa. Kwani masikio nimeyauza?"

Bonface alipiga magoti pale sakafuni, kati ya wateja. "Nimekuja kuomba radhi. Siri yenu niliitoa mimi."

"Wale akina mama sina neno nao," mzee akasema. "Mtu akiniombea, nasema amin. Lakini siku ile nilisikiliza. Nilisikia yule mama mkubwa, nikasikia ngoma, nikasikia kila sauti ila yako. Umewaleta wageni nyumbani kwangu, halafu wewe mwenyewe hukuingia."

Machozi yalimdondoka Bonface juu ya mistari ya buluu.

"Inuka. Leo umeingia, nimesikia." Mzee alirudi kwenye kitambaa chake. "Binti yangu haagizwi kwa simu kama jora. Una dini yako, tuna yetu, na una safari. Lakini ukitaka kusema na mtu wa nyumba hii, sema jina lako."

Faduma alimsindikiza mpaka kizingitini tu.

"Nikibaki?" Bonface akanong'ona. "Niache Bangladesh, nibaki hapa?"

"Ubaki ufanye nini? Ujifiche nyuma ya turubai gani tena?" Sauti yake ilikuwa kali, lakini hakurudi ndani. "Nenda. Na huko ukipewa kitu cha mtu, kaa nacho."

"Umenisamehe?"

"Usinikimbize. Nami najifunza kusamehe."

Kikoi kilikuwa kimeanza kulegea. Faduma alikiona, akainua mkono, akaushusha. Bonface alikifunga mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, sanduku lake likiwa kati ya miguu, alisimama kwenye kibanda cha simu cha posta. Aliyepokea ni mzee.

"Haloo, duka la Ahmednur."

Safari hii hakuibadilisha sauti.

"Ni Bonface, mzee. Bonface Otieno, wa Muhuru Bay."

Alisikia mlio wa mkasi ukikata kitambaa, polepole, mpaka mwisho wa upana wake.

"Faduma!" mzee akaita. "Njoo. Kuna mtu anataka kuaga. Ametaja jina lake."

Nyayo zikakimbia. Mkono wa simu ukagonga meza, ukanyanyuliwa.

"Bonface."

"Naam."

"Umefunga kikoi?"

"Nimefunga."

"Kitakuanguka."

"Najua. Nitakiokota."

Akacheka. Kidogo tu, kicheko cha mtu anayejaribu mguu uliovunjika, lakini alicheka. Sarafu ya mwisho ikaanguka ndani ya mashine, na laini ikakatika kabla mmoja wao hajasema lile neno lililokuwa likiuzwa kwa mita.