Ukurasa wa Kwanza wa Jepkemei

Giza lilikuwa linaanza kushuka Subukia wakati Jepkemei alipopitia kwa Mwalimu Joan, baada ya kupeleka maziwa, kuchukua daftari lisilo na mistari na kopo la rangi za maji.

"Anza kwa kuuharibu ukurasa wa kwanza," Joan alimwambia. "Paka rangi yoyote. Bandika hata karatasi ya majani chai. Halafu chora kinachokukaa moyoni. Hakuna wa kukusahihisha, mama."

Hakuna wa kumsahihisha...

Kwa miaka ishirini na miwili wa kumsahihisha alikuwepo. Mumewe, Kipkemoi, kila alipokuta mchoro wake aliutupa motoni. Siku moja aliushika mkono wake pia, akaubana juu ya jiko. Vidole viwili havikunyooka tena. Sasa Kipkemoi alikuwa na miezi minne kaburini, nyuma ya boma.

Jepkemei alifunga mlango kwa komeo, akawasha taa, akaketi. Akapaka ukurasa buluu. Ukajikunja kwa maji, lakini hakujali. Akabandika karatasi ya majani chai pembeni. Kisha akachukua penseli.

Nje, mtu akakohoa.

Alikijua kikohozi kile. Baadaye gambuti zikakwanguliwa tope mlangoni... mara tatu, kama zamani. Harufu ya ugoro ikajaa chumbani. Komeo halikusogea, lakini kiti cha upande wa pili wa meza kikatoa mlio, kama mtu mzito amekikalia.

"Choma," sauti ikanong'ona. "Mama Fancy, choma." Ndivyo Kipkemoi alivyomwita, kwa jina la mtoto wao.

Pembe ya ukurasa ikaanza kuwa kahawia. Ikatoa moshi, na hapakuwa na moto.

Alitaka kukimbia. Lakini akatazama vile vidole viwili vilivyopinda, na hasira ikapanda ikaimeza hofu.

"Sichomi."

Akachora uso wa Kipkemoi. Taya lile. Macho yale. Joto likampanda mikononi, akaendelea. Akachora jiko. Akachora mkono mkubwa ukiubana mkono mdogo.

"Usinichore hivyo." Sauti ilikuwa imepungua. "Watu wataona..."

"Waone. Ndivyo ulivyokuwa."

"Nichore siku ya harusi."

"Hiyo nitachagua mimi. Daftari ni langu."

Akaendelea kuchora.

Asubuhi Joan alikuja kumjulia hali. Akakuta daftari limefunguliwa mezani, alama za vidole vinne zimeunguza ukingo wa karatasi. Vidole vipana, vya mwanamume.

"Umeunguza na nini?"

"Sikuunguza mimi."

Joan akainama karibu na mchoro. "Na kwa nini macho yake yamelowa? Si umechora na penseli?"

Jepkemei akagusa. Palikuwa na maji kweli, ya vuguvugu. Akayafuta kwa upindo wa leso, kisha akangoja. Taratibu, mbele yao wote wawili, yakachuruzika tena.

Joan akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Mama... tumwite pasta?"

"Akija, nitamkaribisha chai."

Hapo ugoro ukanuka. Kiti kitupu kikatoa mlio.

Joan hakuaga. Hatua zake zilisikika zikikimbia hadi barabarani.

Jepkemei alifungua ukurasa mpya, akachovya brashi katika rangi nyekundu, akakitazama kile kiti.

"Keti vizuri," alisema. "Sijamaliza."