Nyungunyungu wa Filister

Filister ni mke wa Elijah, mvuvi wa ndoana hapa kwetu ufuoni Homa Bay. Ana mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Lakini wiki moja ya mwaka 1966 utani ulimwisha. Mama mkwe wake, Phelesia, alikuwa ametoka hospitali na hakutaka kula. Uji, hapana. Mayai, hapana.

"Nataka mumi," alisema kwa sauti ndogo. "Mumi wa mchuzi, basi."

Mumi ni kambare, na kambare hupenda nyungunyungu. Filister akachimba kopo zima chini ya migomba. Kisha akawamwagia majivu, kama afanyavyo maharagwe yake yasibunguliwe. Asubuhi wote walikuwa wamekauka. Elijah akawatia kwenye ndoana hivyo hivyo, akarudi mikono mitupu. Phelesia akageukia ukuta.

"Yawa! Mama atanifia kwa sababu ya wadudu!" Filister akalia.

Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, Maroa, Mkuria wa kutoka Suna, alikuwa akipita. Akachungulia kopo.

"Shemeji, umewaziba pumzi."

"Pumzi gani? Pua yao iko wapi?"

"Hawana pua wala mapafu. Hupumua kwa ngozi. Ngozi ikikauka, wanakufa."

Akachimba mmoja, akamweka kiganjani mwa Filister. "Ona hizi pete. Zinaitwa pingili. Ndani hana mfupa hata mmoja. Haya, mpapase tumbo."

"Wee! Ananikwaruza!"

"Ni vinywele vya kushikia udongo. Nilipofanya kazi Mombasa niliwaona ndugu zake wa baharini. Wale wana vijiguu kila pingili, na wavuvi huwatia kwenye ndoana vilevile."

"Na ruba?"

"Ndugu pia. Ila ruba hunyonya kwa mdomo, na nyuma ana kinyonyeo cha kujishikiza."

"Kumbe ukoo wao mkubwa kuliko wa mume wangu!" Filister akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

Jioni alichimba tena. Kopo akalitoboa, akatia udongo mbichi na majani ya mgomba, akaliweka kivulini. Asubuhi walikuwa wakijinyonganyonga, wazima kabisa. Elijah akarudi na mumi mrefu kama mkono wake.

Mama alikula. Akanyonya kichwa mpaka mfupa wa mwisho.

"Nyar Kosele," akamwita, yaani binti aliyetoka Kosele, "mbona mchuzi kidogo?"

Filister akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio.

Kesho yake tulimkuta Phelesia mwenyewe migombani, jembe mkononi, akiwafunika nyungunyungu kwa udongo mbichi.

"Walale vizuri," alisema. "Leo nataka samaki mkubwa kuliko wa jana."