Kisasi cha Darajani

Njia ya baiskeli ya darajani ni moja. Wanaokwenda na wanaorudi wanagawana, na katikati kuna mstari mweupe. Adabu zake hazihitaji shule. Kaa upande wako. Piga kengele kabla ya kumpita mtu. Kwenye kona usitoke nje ya mstari hata kama una haraka kiasi gani, maana humwoni anayekuja. Na ukimwangusha mtu, simama. Mshonaji alikuwa amezifuata kwa miaka sita, na asubuhi ile, akiwa na gauni la bibi harusi kwenye keria, alikuwa upande wake, kidole kwenye kengele.

Jamaa alichomoza kwenye kona akiwa upande usio wake, mbio, kizibao cha rangi ya chungwa kikipepea. Usukani kwa usukani. Mshonaji akaanguka chini na mfuko ukapasuka, na satini nyeupe ikajilaza kwenye dimbwi lenye mafuta. Jamaa aliyumba, akajishika, akageuka kumtazama. Akainua mkono, kama mtu anayemsalimu jirani, akaendelea na safari. Mshonaji aliwahi kuona jambo moja tu, viatu vya jamaa vimejaa matone ya rangi nyeupe.

Dukani, shangazi yake, mwenye duka, aliliinua gauni kwa vidole viwili.

"Ulikuwa unaongea na simu," alisema.

"Shangazi, nimegongwa. Nilikuwa upande wangu."

"Aliyekugonga yuko wapi?"

"Amekimbia."

"Wote huwa wanakimbia. Meza ya magauni nampa mwenzako. Wewe kaa kwenye vifungo na zipu mpaka nitakapokuamini tena."

Neno hilo lilimuuma kuliko goti lililochubuka. Ile meza ilikuwa maisha yake, na sasa hata neno lake halikuwa na thamani mbele ya mtu aliyemlea. Usiku huo hakulia. Aliapa kwamba mwenye viatu vile atajua maana ya kuaibishwa mbele ya watu.

Siku ya tatu akamwona, akamjua kwa viatu. Alikuwa mchora mistari wa barabarani, na kila asubuhi alivuka daraja kwenda kazini, akitokea upande ambao mshonaji alikuwa anaelekea. Hilo halikumzuia. Akaanza kutoka nyumbani nusu saa mapema, anavuka, anageuza, anamsubiri, kisha anaingia mbele yake na kuendesha polepole kama anayesindikiza maiti. Siku ile alipoanguka alivaa helmeti na barakoa ya vumbi. Sasa alivaa kitambaa cha kijani kichwani na hereni ndefu, na jamaa hakumtambua.

"Dada, naomba nipite."

"Hapa mstari haukatiki."

"Najua. Nimeuchora mimi."

"Basi iheshimu kazi yako."

Nyuma yao msururu ulirefuka, kengele zikalia. Siku ya nne ya kuzuiwa, jamaa aliuliza, "Dada, una ugonjwa gani wa miguu?"

"Sina ugonjwa. Nina adabu."

"Adabu yako itanifukuzisha kazi."

"Pole sana," alisema mshonaji, na moyo wake ukapata raha ambayo hakuwa ameionja tangu aanguke.

Wiki ya pili mchora mistari aliacha kuomba njia. Naye akawa anatoka mapema ili amkute.

"Leo umevaa njano."

"Angalia mbele."

"Mbele ndiko uliko."

Hapo mshonaji akaona mlango mpana zaidi. Kumchelewesha mtu kazini ni kisasi cha watoto. Mtu anayetaka kupendwa unaweza kumpandisha juu kabisa, ukamwachia. Mwisho wa daraja akampa namba ya simu.

"Nitamfanya anipende mpaka ashindwe kula," alimwambia dada yake. "Halafu namwaga kila kitu mbele ya watu wake."

"Na wewe utakuwa wapi wakati anakupenda?"

"Nitakuwepo tu."

"Haya," alisema dada mtu. "Mimi simo."

Mchora mistari alipenda kwa bidii. Alipiga simu mchana, mashine za rangi zikinguruma nyuma yake. "Mpenzi, umekula?" "Nimekula, mpenzi wangu," alijibu mshonaji, huku akikunja uso. Jumapili walitembea kando ya mto, yeye kwenye gauni la maua alilojishonea mwenyewe, jamaa kwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alikuwa na utani, alikuwa na haya, na alisikiliza. Mshonaji akiongea juu ya lesi jamaa aliuliza maswali ya maana. Wiki ya sita simu ilichelewa kulia, na mshonaji akajikuta ameichungulia mara tano kabla ya saa saba. Alijikasirikia. Hasira hiyo aliichukua yote akaijumlisha kwenye deni la jamaa.

Wiki ya nane mchora mistari alisema, "Jumamosi nitamleta mama dukani kwenu apimwe nguo. Nataka akuone."

"Mlete," alisema mshonaji.

Mama alikuja, mdogo wa umbo, mkali wa macho, kanga mpya begani. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe." Mshonaji alimpima mabega, kiuno, urefu wa mkono. Shangazi alikuwa pale pale, anakata kitambaa. Mchora mistari alisimama mlangoni akitabasamu, amevaa viatu vile vile.

"Mama," alianza, "huyu ndiye ninayetaka..."

"Subiri," alisema mshonaji. Alifungua kabati, akalitoa gauni, akalitandaza mezani na doa lake jeusi. "Kwanza niambie kama unalijua hili. Darajani, kwenye kona, asubuhi. Mwanamke alikuwa upande wake. Ulimwangusha, ukageuka, ukampungia mkono."

Tabasamu la jamaa lilianguka. Alilitazama gauni, akamtazama mshonaji, akaketi bila kuambiwa.

"Ni wewe?"

"Ulikimbilia nini upande wangu?"

Alijibu kwa sauti ndogo. "Upande wangu nilikuwa nimetoka kuchora mshale alfajiri ile. Rangi haijakauka. Sikutaka kuukanyaga."

"Ukaogopa kuharibu mshale wako, ukaniharibia mimi."

"Nilikuona ukianguka," alisema. "Nilijiambia utainuka. Nilikuwa nimeshapewa onyo kazini, nikaogopa. Sina la kujitetea."

Mama yake alimgeukia. "Ulimwona chini ukaondoka? Mimi ndiye niliyekulea?" Kisha akamgeukia mshonaji, na macho yale hayakulainika. "Na wewe binti, wiki nane umemwita mwanangu mpenzi. Ulikuwa unamshonea nini?"

Mama alichukua mkoba wake akatoka, na mwanawe akamfuata bila kuaga. Shangazi aliweka mkasi chini.

"Ulisema kweli," alisema. "Nisamehe. Meza ni yako kuanzia Jumatatu."

Mshonaji alipata kila alichotaka, na Jumatatu alikaa kwenye meza ya magauni akachoma sindano kwenye kidole mara tatu. Adhuhuri simu haikulia. Wala Jumanne. Jumatano alipiga yeye.

"Unataka nini tena?" aliuliza mchora mistari.

"Nataka kujua kama umekula."

"Usinifanyie hivyo. Kila mpenzi uliyoniita ilikuwa ya uongo."

"Mwanzoni zote zilikuwa za uongo. Baadaye nikawa najidanganya kwamba bado ni za uongo. Nimekupenda, na sikutaka, na bado sijakusamehe."

"Mimi pia sijakusamehe. Ulinidhalilisha mbele ya mama yangu."

"Basi nioe hivyo hivyo," alisema mshonaji. "Tutasameheana polepole, tukiwa nyumba moja."

"Yale mengine uliyasema mbele ya mama," alisema jamaa. "Na haya njoo uyaseme mbele yake."

Alikwenda jioni ile ile, pini bado zimechomekwa kwenye blauzi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mwanawe amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Mshonaji alipiga magoti na kusema yote. Aliingia kwa kisasi. Alimdanganya mwanawe. Anampenda. Anaomba waoane.

"Sikusikia vizuri," alisema mama. "Rudia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Mshonaji akarudia, uso unamwaka moto.

"Sauti yako ndogo. Jumamosi ilikuwa kubwa. Rudia."

Akarudia mara ya tatu, sauti ikisikika mpaka kwa majirani, na kabla hajamaliza mchora mistari akashindwa kuvumilia.

"Nimekubali, mama," alisema. "Mwache apumue."