Kungoja na Jembe Mkononi

Jumatano ni siku ya kikundi. Akina mama wanakutana na majembe yao, wanaenda shamba la mmoja wao, wanalima pamoja mpaka jua linapokuwa kali. Jumatano inayofuata wanaenda kwa mwingine. Hivyo ndivyo wanawake wa upande ule wa Kanyakine wanavyopalilia maharagwe bila kuajiri mtu.

Kathambi alikuwa mwepesi kuliko wote. Kila mama alipewa mstari wake. Yeye alifika mwisho wakati wengine wakiwa katikati. Hapo aligeuka, akashika mstari wa rafiki yake Makandi kutoka upande wa juu, akateremka nao mpaka majembe yao yakagongana.

"Makandi, ulikuwa unalima ama ulikuwa unahesabu maharagwe?" aliuliza.

"Nenda huko! Mimi nalima vizuri. Wewe unakimbizwa na nani?"

Maneno yalikuwa hayo hayo kila wiki, na kila wiki walicheka.

Siku moja walipumzika kunywa ucuru, uji wao wa kienyeji. Kathambi aliinua kikombe, akarudisha kichwa nyuma, akanywa. Makandi alimtazama shingoni. Kicheko kikamwisha.

"Hebu kunywa tena."

"Kwa nini?"

"Wewe kunywa tu."

Kathambi akameza. Mbele ya shingo, upande wa kulia, kitu chenye ukubwa wa tunda la kahawa kilipanda, kisha kikashuka.

"Kathambi, hiyo kitu iko kwa shingo yako ni nini?"

Kathambi alijigusa. Hakusikia maumivu. "Ni goita tu. Hata nyanya yangu alikuwa nayo."

"Ongeza chumvi kwa chakula," mama mmoja akashauri. "Itayeyuka."

Basi Kathambi akaongeza chumvi. Mumewe Riungu kila akimaliza kula alikunywa jagi zima la maji. Uvimbe ulibaki pale pale. Makandi naye hakunyamaza. Kila walipoonana aliuliza, "Umeenda zahanati?" Mwishowe Kathambi alienda ili tu Makandi amwache apumue.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Wambeti, mwanamke wa kutoka Embu. Aliongea haraka, na hakuwa mtu wa kuficha ukweli. Alimpapasa Kathambi shingo, akamwambia ameze mate.

"Hapa kuna tezi, inaitwa thairoidi," alieleza. "Kila mtu anayo. Kwako imeota uvimbe. Umekuwa ukifanya nini?"

"Nimeongeza chumvi, Sista."

"Aii! Chumvi yenye iodini inazuia goita ya aina moja. Haiyeyushi uvimbe. Ukizidisha utajipatia presha bure. Uvimbe kama huu unapimwa, mama. Nenda hospitali mjini."

Kathambi na Riungu walienda Meru mjini. Daktari alipiga picha ya shingo kwa mashine. Kisha alitumia sindano nyembamba kuvuta chembe ndogo za uvimbe ili zipimwe.

"Huenda si kitu," alisema. "Huenda ni kansa. Kwa macho siwezi kujua. Rudini baada ya wiki tatu."

Daktari alisema mengi siku hiyo, lakini walirudi nyumbani wamebeba neno moja tu.

Riungu alimwambia ndugu yake. Ndugu yake aliwaambia watu wa kanisa. Kesho yake wageni wakaanza kuja, na maziwa, na unga, na mikungu ya ndizi. Walikaa, wakatazama shingo ya Kathambi, wakaguna. Kisha kila mmoja akaanza kusimulia juu ya mtu wake aliyekufa. Mmoja alikuwa na shangazi. Mwingine alikuwa na jirani wa shemeji yake. Mimi sijui ni nani aliyetufundisha kumliwaza mtu kwa kumsimulia mazishi. Na wakati wote huo, nani alikuwa jikoni akiwachemshia chai? Ni Kathambi mwenyewe.

Riungu alimpenda sana mke wake. Kwa hivyo alichukua jembe lake, akalifungia stoo, akaweka ufunguo katika mfuko wa shati.

"Usiiname. Usibebe kitu. Kaa tu," alimwambia.

Kathambi akakaa. Kukaa kulikuwa kubaya kuliko sindano. Mikono ilikosa kazi, ikaenda shingoni. Aliuminya uvimbe asubuhi kuona kama umekua. Aliuminya mchana. Ngozi ikaanza kuuma, naye akafikiri ni kansa inayouma.

Jumatano ikafika. Zamu ilikuwa ya Makandi. Kathambi alisikia kikundi kikija njiani. Siku zote walisimama kwenye lango lake na kuita, "Kathambi, twende!" Leo walipofika hapo waliteremsha sauti. Wakapita polepole.

Kathambi alikuwa amesimama nyuma ya ua. Aliwaona migongo.

"Kumbe wameshanizika," alisema peke yake, akalia. Kisha akapangusa uso kwa leso, akavaa viatu, akaenda zahanati. Alitembea kama mtu anayeenda kudai haki yake.

"Sista Wambeti," alisema kabla hata ya kuketi, "niambie ukweli. Mimi nakufa?"

"Nani amesema?"

"Hakuna amesema. Lakini mume wangu amefungia jembe yangu. Kikundi kimenipita. Wageni wananiangalia hivi." Akaonyesha jinsi wageni walivyomtazama, kichwa kimeinamia upande.

Wambeti alitaka kucheka, akajizuia. "Daktari alikukataza kulima?"

"Hapana. Ni Riungu."

"Riungu alisomea udaktari lini? Kaa hapa, nikwambie. Sitakudanganya. Uvimbe mwingi wa tezi hii si kansa. Na hata ikiwa kansa, nyingi za hapa shingoni zinakua polepole. Zikipatikana mapema zinatibika vizuri. Wiki tatu za kungoja hazitakuharibia kitu. Lakini sikia hii: sauti ikikauka na isirudi, au ukishindwa kumeza, au kupumua kukiwa kugumu, au uvimbe ukikua haraka, usingoje tarehe. Kuja siku hiyo hiyo."

Kathambi aliyarudia moja baada ya jingine: sauti, kumeza, kupumua, kukua haraka. Hakuwa na hata moja.

"Na wacha kuminya shingo," Wambeti aliendelea. "Ni wewe unajiumiza."

"Na hofu, Sista? Hiyo nayo nifanyie nini?"

Wambeti alifikiri kidogo. "Ukiifukuza itarudi. Ipatie saa yake. Jioni mkimaliza kula, kaa na mzee wako, semeni yote mnaogopa. Chai ikiisha, mmemaliza. Ikikujia asubuhi, iambie ingoje jioni. Mchana fanya kazi yako, na ule vizuri. Kuhusu wageni, chagua mtu mmoja wa kuwajibu. Na siku ya majibu usiende peke yako. Mtu akiogopa hasikii vizuri."

Kathambi alirudi nyumbani. Alimkuta Riungu akimkatia ng'ombe majani. Akanyoosha mkono, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Ntinyari, nipe ufunguo wa stoo."

"Wa nini?"

"Nataka jembe yangu."

"Hapana, Mama Ntinyari. Wewe ni mgonjwa."

"Nani alisema? Daktari alisema tungoje. Hakusema tukae kama tuko matanga."

Riungu aliangusha panga. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nikikuona umeinama shambani, naogopa," alisema. "Naogopa utaanguka hapo na mimi niko mbali. Sijui kuishi bila wewe. Ndiyo maana nilificha jembe."

Tangu waoane hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Kathambi alimshika mkono. Hata yeye alikuwa akiogopa, na akamwambia hivyo.

"Tutaogopa jioni, tukikunywa chai," alisema. "Sasa nipe ufunguo. Na wageni wakija, utawajibu wewe."

"Nitawaambia nini?"

"Sema, 'Bado tunangoja majibu. Tukijua tutawaambia. Asante.' Halafu unyamaze."

Riungu alitoa ufunguo mfukoni. Kathambi alipotoka langoni na jembe begani, alimsikia akimfundisha ng'ombe maneno hayo. "Bado tunangoja majibu. Tukijua tutawaambia."

Kikundi kilikuwa katikati ya shamba alipofika. Majembe yote yakasimama. Makandi alikuja mbio.

"Kathambi! Si tulitaka upumzike?"

"Hamkuniambia. Mlipita tu."

Makandi aliinamisha kichwa.

"Nikikaa nyumbani, ndiyo nakuwa mgonjwa," Kathambi alisema. "Hapa niko Kathambi tu. Mkitaka kunisaidia, nipeni mstari. Mkija kwangu, jipikieni chai. Na hadithi za watu walikufa, ziwacheni kwenu."

Mama mmoja alikohoa. Mwingine akaanza kucheka, halafu wote wakacheka. Makandi alimwonyesha mstari uliokuwa karibu na wake. Saa ile Kathambi alipokuwa na udongo miguuni, hakukumbuka shingo yake.

Siku zikaenda hivyo. Si kwamba hofu iliisha. Baadhi ya jioni chai ilipoa wote wawili wakilia. Lakini asubuhi kulikuwa na kazi, na Riungu alikuwa amekuwa hodari wa kuwajibu wageni mpaka wengine walimkwepa.

Siku ya majibu walienda pamoja. Daktari alisoma, akatikisa kichwa.

"Chembe tulizovuta hazikutosha," alisema. "Hatukupata jibu. Tunataka kurudia."

Njia nzima ya kurudi Riungu alinung'unika. "Tumengoja bure! Hawa hawajui kitu. Ndugu yangu anajua mtu anachoma uvimbe kwa dawa. Siku moja tu unaanguka."

Kathambi naye alikuwa amechoka. Kwa dakika chache alitamani huyo mtu wa kuchoma. Lakini alimwambia Riungu wapitie kwanza kwa Wambeti.

"Hayo si majibu mabaya," Wambeti aliwaambia. "Bado si majibu. Mtu akichota unga kidogo, ugali haupikiki. Anarudi kuchota. Inatokea mara nyingi, na haimaanishi ni kansa. Huyo wa kuchoma atakuachia kidonda. Na mishipa ya sauti inapita hapo karibu, mishipa ya damu pia. Akiharibu, nani atarudisha?"

Riungu alitazama shingo ya mkewe. Hakulitaja tena jambo la kuchoma.

"Tunarudi," Kathambi alisema. "Hata wakirudia mara ngapi. Nataka kujua kitu iko ndani ya mwili wangu."

Alichomwa sindano tena. Akangoja tena, na jembe mkononi.

Safari hii jibu lilikuwapo. Daktari aliweka kalamu chini, akawatazama wote wawili.

"Ni kansa," alisema. "Ni ndogo. Kwa picha, inaonekana bado iko ndani ya tezi. Inatibika. Tutaitoa kwa upasuaji."

Kathambi alilia pale pale mbele ya daktari, wala hakuona haya. Ni Riungu aliyeuliza maswali, yale yale waliyokuwa wakiulizana jioni. Je, sauti yake itabaki? Atakunywa dawa mpaka lini? Itarudi? Daktari alimjibu moja moja, na Riungu alisikiliza vizuri kwa niaba ya wawili. Alipomaliza, Kathambi alijifuta machozi.

"Upasuaji ni lini?" aliuliza.

Tezi yote ilitolewa. Kathambi alirudi nyumbani na bandeji shingoni na sauti iliyokwaruza. Daktari alimweleza kwamba kazi ya tezi sasa itafanywa na kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya chakula. Kitakuwa cha maisha yake yote. Pia atakuwa akirudi kupimwa damu na shingo. Safari hii daktari ndiye aliyemkataza jembe kwa muda, naye akatii bila ubishi.

Wageni walikuja. Walileta ndizi kama zamani. Lakini waliingia jikoni wenyewe wakapika chai, wakaosha vikombe, wakampelekea ng'ombe majani, wakaenda zao. Hakuna aliyetaja mtu aliyekufa. Na mama mmoja wa kikundi alipogundua kijivimbe kwenye titi, hakuficha. Alienda zahanati wiki hiyo hiyo, na alipokuwa akingoja majibu, kikundi kilisimama langoni pake kila Jumatano kikaita, "Twende!"

Msimu mwingine wa maharagwe ulifika. Daktari alikuwa amesema Kathambi yuko tayari. Asubuhi alimeza kidonge chake, akangoja mpaka wakati wa chai ukafika, akala, akachukua jembe. Lilikuwa ukutani, nje ya mlango. Stoo haikufungwa tena kwa ajili yake.

Alipewa mstari kama wengine. Alilima polepole. Mikono ilikuwa imelainika, na jasho lilimtoka mapema. Aliwasikia wenzake wakimpita mmoja mmoja. Hakuwahi kuachwa nyuma shambani maisha yake yote, na jambo hilo lilimuuma kidogo. Akakaza meno, akaendelea kulima.

Ghafla jembe lake likagonga chuma. Aliinua kichwa. Makandi alikuwa amesimama mbele yake, anahema, uso wote jasho. Alikuwa amefika mwisho wa mstari wake, akageuka, akashika mstari wa Kathambi kutoka juu.

"Kathambi," alisema Makandi, "ulikuwa unalima ama ulikuwa unahesabu maharagwe?"

Kathambi alimtazama. Alipangusa jasho. Kisha sauti ikatoka, ikikwaruza kidogo lakini ikiwa yake mwenyewe.

"Nenda huko! Wewe unakimbizwa na nani?"

Walicheka mpaka wakashikilia mipini ya majembe. Kisha wakaenda kuanza mstari mwingine.