Viatu Mlangoni kwa Bibi Malsun

Soko la Bujeon mjini Busan siku ya Jumamosi halina huruma na mtu anayesimama. Na Muyeol alikuwa amesimama, tena katikati ya njia, kati ya meza ya vibua na mabeseni ya kimchi, kabichi ya kuchachuka yenye pilipili, amekunjua ramani ya karatasi kama mtu anayetandika kitanda. Koti lake la kijivu lilikuwa limenyooshwa kwa pasi. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vikubwa kupita kiasi, na kimoja ndicho kilichopandwa na toroli.

"Aaah!"

"Usinililie. Ondoa mguu."

"Lakini ni wewe uliyenikanyaga!"

"Mguu wenyewe umejaa njia nzima. Hicho ni kiatu au ni sanduku la samaki?"

Akageuka. Msichana aliyeshika toroli alivaa koti la manjano kama ganda la limau, suruali ameikunja hadi kwenye vifundo, nywele fupi zimemsimama kama hazijawahi kuogopa mtu. Shavuni mwake gamba la samaki lilikuwa linang'aa.

"Una gamba la samaki shavuni," Muyeol akasema.

"Na wewe una ramani sokoni. Nani anachekesha zaidi?"

Mama muuza vibua akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Mchukue huyo, kijana! Nyumbani hutanunua redio."

Msichana aliitwa Danbi. Alikuwa na saluni ya viti vitatu mlimani, na kazi yake ilikuwa kuwasokota nywele mabibi. Muyeol alitoka Seoul, ana miezi minne Busan. Alipoulizwa kazi yake alisema, "Mimi ni mtu wa ramani." Hakudanganya. Aliukata tu ukweli ulipoanza kuwa mrefu.

"Miezi minne umeona nini?"

"Ufuo wa Haeundae. Lile daraja la taa la Gwangalli. Na ule mtaa wa nyumba za rangirangi."

"Basi umeona kadi ya posta. Busan bado."

"Nionyeshe wewe."

"Jumapili. Nikikupeleka mahali unapopajua, tambi nanunua mimi. Usipopajua, wewe."

Jumapili saba mfululizo tambi alinunua Muyeol.

Alipelekwa Uam-dong, kwenye mazizi ya ng'ombe ambamo watu waliokimbia vita waligawana vibanda na wakazaliana humo. Madirisha ya kupumulia ng'ombe yako juu ya mapaa hadi leo. Wakala tambi za ngano ndani ya mchuzi wa barafu, Danbi akamwibia yai lake. Alipelekwa Yeongdo, upande wa gati za kutengenezea meli, walikokuwa wakining'inia akina mama zamani ubavuni mwa meli, wakigonga kutu kwa nyundo kutwa nzima mpaka masikio yakafa. Mmoja wao, mzee sasa, alikuwa ameketi juu ya kasha akimenya vitunguu saumu, na kwa kuwa hajisikii anapoongea, alipiga kelele hadi ng'ambo ya gati: "Binti! Mwanamume wako ana miguu mikubwa!"

"Nimeona, Bibi!"

"Mwenye miguu mikubwa hapeperushwi na upepo! Mshike!"

Danbi akamshika mkono. Ndipo walipobusiana kwa mara ya kwanza, kwenye harufu ya rangi ya meli na chuma kibichi, na yule mzee akaendelea na vitunguu vyake.

Siku za kazi walikuwa watu wa simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, roho yangu?"

"Nina kichwa cha mtu mikononi, kimepakwa dawa. Sema haraka."

"Mbona huniiti oppa? Wenzako wote huwaita hivyo wapenzi wao waliowazidi umri."

"Nikuite kaka na hata njia ya kurudi kwenu unaiuliza? Siku utakapojua kwenu ni wapi, nitakuita. Haya, kichwa kinaungua."

Jumapili ya nane Danbi alivaa blauzi nyeupe na kupaka rangi ya mdomo. "Leo nakupeleka kwetu," akasema. "Kwa Bibi."

Walipanda. Muyeol alianza kwa kutania, lakini walipofika kwenye ngazi fulani akasimama ghafla. Ngazi ile ilikuwa jiwe la kaburi. Mlima ule ulikuwa makaburi ya Wajapani zamani. Wakimbizi wa vita walipofika hawakuwa na pengine pa kulala, wakajenga juu yake, na mawe ya makaburi wakayafanya ngazi na misingi. Muyeol aliijua ngazi ile. Alikuwa ameikanyaga mwezi wa Machi, akiwa na kopo la rangi nyekundu mkononi.

Kuna kampuni iliyoutaka mlima ule ijenge minara ya maghorofa, na Muyeol alikuwa mhesabu wake wa nyumba tupu. Kanuni alizofundishwa ni fupi: gonga mara tatu, ngoja, kisha tazama mlangoni. Hakuna viatu, hakuna mtu. Puliza duara na mkato, alama ya nyumba tupu. Siku ile alipuliza nyumba kumi na moja kwenye kichochoro kimoja, akashangaa jinsi mtaa ulivyokufa.

Kumbe ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya zamani ya mwezi mwandamo, siku ya zimwi. Siku hiyo zimwi hupita nyumba kwa nyumba likijaribu viatu, na likiondoka na vilivyolienea, mwenyewe huuona mwaka mchungu. Kwa hiyo wazee huingiza viatu ndani, hutundika chekeche mlangoni ili zimwi lipoteze muda likihesabu matundu, hukaa kimya, na hata mlango ugongwe vipi, haitiki mtu. Huko Seoul, kwenye maghorofa aliyolelewa Muyeol, zimwi hilo halipandi lifti.

"Umekuwaje? Umechoka, mpenzi?" Danbi akauliza.

"Ngazi nyingi."

Bibi Malsun alikuwa na miaka themanini na sita, suruali ya maua ya zambarau, nywele zimesokotwa na mjukuu wake zikakaa kama koliflawa. Kwenye mlango wake wa bluu, duara jekundu lenye mkato.

"Usiitazame hiyo, mkwe, itakuharibia hamu ya kula," akasema. "Mimi nilikuwa ndani. Nikaisikia rangi, shhhhh. Nikadhani zimwi limeshikwa na mafua! Kutoka nje naambiwa sipo."

"Na Alhamisi wanakuja kuthibitisha," Danbi akasema, na macho yake hayakuwa na mzaha tena. "Wakithibitisha anafutwa kwenye orodha ya wakazi. Mlima ukibomolewa hana hata neno la kusema. Aliyempuliza Bibi, siku nikimtia mkononi, nitamnyoa mpaka nyusi."

"Wafu wa chini ya nyumba hii nawapa wali kila sikukuu," Bibi akasema, akigonga sakafu kwa kisigino. "Tumeelewana miaka sitini. Nani huyo aje kuniandika mimi miongoni mwao?"

Muyeol alifungua mdomo aseme. Kikaingia kijiko cha wali. Akala, akasifu, akaongezewa. Mwisho akainuka aende kunawa, na kwa urefu wake akajigonga kwenye kizingiti cha juu. Kwa mazoea ya maisha yake yote akainama kidogo.

"Samahani, nyumba."

Upawa wa Bibi Malsun ukaanguka.

"Rudia."

"Nini, Bibi?"

"Siku ya zimwi, mtu aligonga mara tatu. Kisha akasema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, ndipo akapuliza. Nikajisemea, zimwi la mwaka huu lina adabu."

Danbi akageuka taratibu. "Muyeol. Mwambie Bibi amesikia vibaya."

Muyeol akautazama mlango wa bluu.

"Tangu lini umejua ni hapa?"

"Tangu kwenye ngazi. Danbi, nisikilize..."

"Na ukala wali."

"Nilihesabu viatu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Umekaa mbele yake, amekuita mkwe, ukaomba wa pili! Toka. Viatu vyako hivyo mlangoni, vinatosha kujaza nyumba nzima. Vaa uende ukahesabu."

Akaenda. Siku ile alipiga simu mara tisa. Ya kumi Danbi akapokea.

"Ulitaka nikuzungushe mitaani upate nyumba za kupaka?"

"Sikupaka hata moja tangu nilipokujua!"

"Kwa hiyo nikushukuru?" Simu ikakatwa.

Jumatatu akampigia mkuu wake, Bwana Tak.

"Mkuu, zile kumi na moja si tupu. Wenyewe walikuwa ndani. Walificha viatu kwa sababu ya zimwi."

"Kwa sababu ya nini?"

"Zimwi la kuiba viatu, Mkuu."

"Muyeol. Unataka niandike zimwi kwenye ripoti?"

"Andika kwamba nilikosea."

"Alhamisi saa nne asubuhi tunathibitisha. Uje na kopo."

Jumatano mvua ilinyesha. Saluni ya Danbi ilikuwa imejaa mvuke na harufu ya dawa, mabibi watatu vitini, rola kichwani. Mlango ukafunguliwa, Muyeol akaingia na soksi tupu, zimelowa chepechepe, kidole gumba cha kushoto kinachungulia.

"Saluni imefungwa," Danbi akasema bila kugeuka.

"Na mimi hizi ni nywele za plastiki?" akauliza bibi wa kiti cha katikati.

"Imefungwa kwake yeye."

"Nasema moja naondoka," Muyeol akasema. "Kesho saa nne. Kanuni yao ni viatu. Vikionekana mlangoni, alama haithibitishwi. Mvua ikinyesha ninyi huingiza viatu ndani. Kesho msiingize. Vitoeni vyote."

Danbi akamtazama miguuni. "Vyako viko wapi?"

"Mlangoni kwa Bibi. Nimetoka kuviacha sasa hivi, vionekane."

"Umeshuka ngazi zote hizo na soksi? Huna vingine?"

"Navaa namba arobaini na saba. Nimetafuta Busan nzima, hakuna."

Bibi wa kiti cha mwisho akaangua kicheko. Danbi aliuma mdomo kwa ndani, akamwonyesha mlango kwa kitana. Muyeol akainamisha kichwa, akatoka mvuani.

"Kama humtaki nipe mimi," akasema bibi wa katikati. "Mwongo hatembei na soksi kwenye lami."

"Bibi, tulia, nitakukata sikio."

"Kata. Lakini unalia kwenye nywele zangu."

Alhamisi mbingu zilisafika. Bwana Tak alipopanda, na tai yake, daftari na jasho, alikuta kichochoro hakifanani na kile cha kwenye ripoti. Milango kumi na moja yenye duara jekundu ilikuwa na viatu: vya mpira, makubazi ya bafuni, buti za bustani, viatu vya harusi ambavyo havijaona jua tangu harusi yenyewe. Na katika kila kizingiti alikaa mzee. Mabibi wote walikuwa na rola kichwani, kwani Danbi alikuwa amefungua saluni humo kichochoroni tangu alfajiri, akipita mlango kwa mlango na ndoo ya dawa.

"Maiti hasokotwi nywele," Bibi Malsun alikuwa amewaambia. "Wacha waje."

Mbele ya mlango wa bluu alisimama Muyeol na soksi zake.

"Viatu vyako viko wapi?" Bwana Tak akauliza.

"Vinaishi hapa, Mkuu."

"Acha mchezo. Nyumba hii ina alama."

"Alama ni yangu na kosa ni langu. Kumi na moja zote. Nimeandika, nimetia sahihi, nakala nimepeleka ofisi ya mtaa."

"Unaitupa kazi kwa ajili ya zimwi?"

Muyeol akavua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya daftari la mkuu wake. Nyuma yake Danbi alishika kitana hewani, akasahau kukishusha.

Hapo Bibi Malsun akainuka. Alishika chekeche lake kuukuu kwa mikono miwili, akalipandisha mpaka puani kwa Bwana Tak.

"Wewe ndiye mkubwa wa kuhesabu?"

"Bibi, mimi nafanya kazi ya..."

"Hesabu haya matundu kwanza. Ukimaliza, utanihesabu mimi."

Kichochoro kizima kikalipuka kwa kicheko. Sasa huyu Bwana Tak, kabla ya tai, alikuwa mtoto wa shamba huko Hapcheon, na nyanya yake alikuwa na chekeche kama hilo. Akatahayari kuona macho yake yameanza kuhesabu bila ruhusa yake. Akayafumba, akafungua daftari, akaandika "wapo" mara kumi na moja, kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi.

"Mwakani tutarudi," akasema.

"Rudini," Bibi akajibu. "Tena njooni siku ile ile, kama mna ubavu."

Mchana, rola zilipofunguliwa na wazee wakaingia kula, Muyeol alibaki akizunguka mlangoni, anainama, anachungulia chini ya vyungu vya pilipili.

"Unatafuta nini?" Danbi akauliza. Alikuwa amevaa lile koti la manjano, mikono nyuma.

"Viatu vyangu. Vilikuwa hapa. Nivae niwaache mpumzike."

"Nimeviingiza ndani."

"Kwa nini?"

"Kwetu, zimwi likipita, viatu vya mgeni hubaki nje. Vya mtu wa nyumba ndivyo vinavyoingizwa ndani, visichukuliwe."

"Leo si siku ya zimwi."

"Si umeliona? Limekuja na tai." Danbi akasogea. "Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo mpaka kiangazi kiishe, na nyusi zako sijazisamehe. Lakini nitakuwa nayo ukiwa hapa."

"Danbi, unaniomba tuoane au unanikamata?"

"Chagua. Ila bila viatu utaenda wapi, oppa?"

Alijibu kwa kuinama kuelekea mlangoni. Hakuinama vya kutosha. Kizingiti kikalia *ko!*

"Samahani, nyumba," akasema, ameshika paji.

"Ingia," akaitika Bibi Malsun kutoka jikoni. "Tupo."