Mwache Luc Amalize

Mvua ya Butembo haina adabu, haipigi hodi. Siku ile iliwakuta watu sokoni Bulengera wakiwa hawana habari. Mama wa mboga walibeba mabeseni yao mbio, wenye pikipiki wakajibanza ukutani, na Falonne akaruka madimbwi hadi ndani ya duka la mahema, kikwembe chake cha rangi ya chungwa amekishika kwa mkono mmoja, viatu kwa mkono mwingine.

Mbele ya meza alisimama kijana mrefu mwenye koti la jinzi. Muuzaji alikuwa amemtandikia maturubai mawili, moja la bluu na moja jeusi, na alikuwa akimwuliza anataka lipi. Kijana alifikiri, kisha akafungua kinywa.

"Mupatie ile ya bluu," Falonne akamwambia muuzaji. "Hauone vile anaitazama?"

Kijana akageuka. Akamwona msichana aliyelowa mpaka kope, anacheka. Akalitazama turubai jeusi, akamtazama tena msichana, akalipia la bluu.

Jina lake lilikuwa Luc. Alinunua kakao kwa wakulima wa Mangina, akaikausha uani kwake Beni, kisha akaiuza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalitoka kama waumini wanaotoka kanisani, mmoja mmoja, bila kusukumana. Falonne naye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Parokia ilikuwa imefungua nyumba ya kuwapokea waliokimbia vijiji vyao, na yeye alikuwa amesomea kukaa nao na kuwasikiliza. Cheti kilining'inia sebuleni kwao. Watu wa mtaa walisema Falonne anakutajia huzuni yako kabla hujakaa kitini. Walimsifu, naye akaipokea kama sifa.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Kila jioni Luc alipiga kutoka Beni.

"Leo niliku..."

"Ulinikumbuka."

"Ndiyo. Lakini pia niliku..."

"Ulikuwa na njaa. Luc, unapaswa kula, mupenzi."

"Chérie," Luc alisema akicheka, "unanisaidia sana. Karibu nitakuwa bubu."

Falonne alicheka mpaka machozi. Alimpenda kijana yule, alimpenda kwelikweli, na aliona fahari kumjua vile, kuingia moyoni mwake kama mtu anayeingia jikoni kwake mwenyewe bila kubisha.

Siku moja Luc alijaribu kumweleza habari za mama yake, aliyekufa kwa Ebola huko Mangina ugonjwa ulipoanza. Alisema timu ya mazishi ilikuja, wale wanaozika bila ndugu kugusa maiti, halafu yeye, halafu akatafuta neno. Falonne akamshika mkono. "Balikukataza kumuzika," akamwambia taratibu. "Najua, mupenzi. Najua." Luc alimtazama kwa muda, kisha akanyamaza. Falonne akadhani kimya kile ni nafuu.

Ikaja siku ya kujitambulisha. Kwa Wanande, watu wa pande zile za Kongo, mtu haji kuomba mke peke yake. Anakuja na ndugu zake, na mmoja wao ndiye anayesema, mwenyewe akikaa kama mgeni. Luc alikuja na rafiki mmoja tu wa kanisani, Précieux. Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, lakini macho ya wazee yalikuwa kwenye viti vilivyobaki vitupu pembeni yake.

Mzee Nzanzu, baba mkubwa wa Falonne, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Alikuwa muuza mabati, na sauti yake ilifanana na biashara yake.

"Bandugu yako bako wapi?" aliuliza.

Luc akaweka glasi yake chini. "Baba mukubwa," alianza, "bandugu yangu..."

Falonne alikuwa mlangoni pamoja na shangazi zake. Aliona midomo ya Luc ikitetemeka, na hakuweza kuvumilia. Akasema yeye. Akaeleza kwamba watu wa timu walimchukua mama yake Luc na kumkataza mwanawe kumzika, kwamba huzuni iliitawanya familia, kwamba mtu mwenye jeraha la moyo kama lile haulizwi hivyo mbele ya watu. Alisema vizuri sana. Hata alilia kidogo.

Luc aliangalia viatu vyake. Alishukuru kwa kinywaji, akamwinua Précieux, wakaenda. Mzee Nzanzu akasema hatapokea mbuzi wa mahari wa mwanamume ambaye ukoo wake unasimuliwa na msichana. Asirudi mpaka ajulikane ametoka wapi.

Simu za jioni zikakatika. Falonne alipiga, akapiga tena, hatimaye Luc akapokea.

"Niambie tu nilikosa nini," Falonne alimwomba.

Luc alivuta pumzi. "Falonne, siko na hasira. Ni vile ulisema ile siku... inanifanya..."

"Unasikia haya. Juu nililia mbele ya batu."

"Unaona?" Luc alisema kwa upole, akakata.

Falonne hakuona. Alikwenda jikoni akamlalamikia mdogo wake, Jokébed, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alisema Luc ana kiburi, alisema wanaume hawajui kupokea msaada, alisema mengi. Jokébed alitwanga mpaka dada yake alipoishiwa pumzi.

"Yaya, dada yangu," alisema, "ile siku nilikuwa namutazama Luc..."

"Najua, utasema alikuwa na woga..."

"Hapana." Jokébed akaegemeza mchi ukutani. "Hata sasa umenikata. Alikuwa na kitu ya kusema. Alifungua kinywa, na weye ulikuwa ulisha maliza. Yaya, ku kazi unasikilizaka batu. Ku nyumba unatujibiaka."

Falonne alitaka kubisha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, yamejipanga. Akayasikia yalivyo tayari, na kwa mara ya kwanza yakamtia hofu. Nyani haoni kundule. Alikumbuka kimya cha nyumba yao mwaka ule baba yake alipokufa, jinsi mama yake alivyokaa na mikono mapajani bila neno, na yeye, binti mdogo, akasema na kusema ili kile kimya kisiwameze. Basi tangu hapo kila mtu aliyenyamaza mbele yake alikuwa ni mtu wa kuokolewa. Hakuwahi kumwuliza hata mmoja kama anazama.

Asubuhi iliyofuata watu walisema barabara ya Beni ni tulivu, akapanda gari. Alivua sweta njiani, maana Beni si Butembo. Jua lake halina mchezo. Uani kwa Luc harufu chachu ya kakao ilimpokea langoni. Luc alikuwa ameinama juu ya turubai, akigeuza mbegu kwa reki ya mbao, shati limemganda mgongoni. Falonne akavua viatu, akachukua reki nyingine.

"Sikuje kusema," alimwambia.

Wakageuza kakao. Kimya kile kilimwasha Falonne ulimini kama pilipili. Mara kadhaa alivuta pumzi ili aseme, na kila mara akaitumia pumzi hiyo kuvuta reki.

"Hii bâche ni ya bluu," Luc alisema mwishowe.

"Naiona."

"Nilikuwa nataka ile nyeusi. Inashikaka moto, kakao inakauka mbio."

"Juu ya nini ulikamata ya bluu?"

Luc akafikiri, na Falonne akamwacha afikiri. "Ulikuwa na mvua ku uso," alisema. "Sikutaka kukukatalia."

Falonne akainama zaidi ili Luc asiyaone machozi yake. Luc aligeuza mstari mzima wa mbegu, akafika mwisho, akasimama.

"Mama yangu... hapana balinikataza, Falonne. Miye njo niliita équipe ya mazishi. Bandugu yangu balitaka kumuosha na kumuzika nyuma ya nyumba, karibu na baba. Nilienda ku shamba na téléphone, nikaita. Balikuja, balimubeba. Kutoka ile siku bandugu yangu hapana banisemesha. Banasema niliuzisha mama." Alifuta uso kwa mkono. "Batoto yabo bangemugusa. Bote bako wazima leo. Na weye kila mara unasema balinikataza, inakuwa sawa miye sikuchagua kitu. Lakini nilichagua. Njo kitu moja ya nguvu nilisha fanya ku maisha yangu."

"Juu ya nini haukusema mbele ya baba mukubwa?"

"Ningesema weye ni muongo? Mbele ya baba yako mukubwa?"

Neno "najua" lilimpanda Falonne mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Sikujua," alisema. "Na sikukuuliza. Unisamehe, Luc."

Luc alimsogelea, akamtoa ganda la kakao kwenye nywele, na mkono wake ukakawia pale.

Walirudi kwa Mzee Nzanzu, Luc na Précieux tu, na vile viti vikabaki vitupu kama mwanzo. Shangazi Victoire, aliyeketi karibu na Falonne, alimshika kikwembe kama mtu anayemshika mtoto asikimbilie barabarani. Hakukuwa na haja.

"Bandugu yako bako wapi?" Mzee aliuliza tena.

Luc akakaa kimya. Kile kimya kikawa kirefu, macho ya wote yakamgeukia Falonne, naye akaiangalia mikeka. Alijua kinachofuata kinaweza kumwondolea Luc milele, maana wakati ule wa ugonjwa Mzee Nzanzu alikuwa wa kwanza mtaani kuzifungia zile timu mlango.

Ndipo Luc akasema. Alisema polepole, akasita mara mbili katikati, na hakuna aliyemsaidia. Alisema yote, hata lile la kuitwa muuza mama.

Mzee Nzanzu alikaa akikuna goti. Kisha aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akavuka sebule, na kukiweka kwenye nafasi tupu pembeni ya Luc.

"Mutu hapana anaomba bibi peke yake," alisema. "Kama unakubali, kijana, miye nitakusemea leo."

"Nakubali, baba. Wasingya," Luc akashukuru.

Mzee akawageukia wa kwake kana kwamba ndio kwanza anawaona, akasema kijana wao ameleta mbuzi, na wanangoja jibu. Shangazi Victoire akacheka, akajifuta macho, akamwinua Falonne asimame katikati ya watu kama desturi inavyotaka, maana mbuzi hawaliwi mpaka binti akubali.

"Falonne, mwana wetu. Hizi mbuzi, tukule?"

Jibu alikuwa nalo tangu siku ya mvua. Hata hivyo, alimtazama Luc kwanza.

"Ulimaliza?" alimwuliza.

"Nilimaliza."

"Basi, mukule."